Maziwa ya Sabasaba

Jumatatu, 3 Juni 1974

Ukungu tangu alfajiri. Nimesimama mlangoni, zizi silioni, na zizi lenyewe ni hatua kumi na tano tu. Kazini sijaenda — pikipiki ya idara haina mafuta, na kutembea mpaka Rangwi kwa utelezi huu, hapana.

Mama kaja na kikombe chake. Kila asubuhi anamkamua Sabasaba, anajaza kikombe cha bati, anamletea mke wangu Klara kitandani maziwa yangali na povu, na joto la ng'ombe mwenyewe. Jiko hayajaliona. Kwa mama maziwa hayachemshwi: ukiyachemsha unakiunguza kiwele, ng'ombe anakauka. Kalelewa hivyo, na bibi kalelewa hivyo. Sisi Wambugu na ng'ombe wetu!

Klara kashika kikombe, kaniangalia. "Ninywe?" Ananichokoza huyu. Mwalimu wa darasa la tatu, juzi tu kawaimbisha watoto wimbo wa chemsha maji, chemsha maziwa. Na mimi ndiye Bwana Mifugo. Nasimama kwenye mikutano ya kijiji nasema hayohayo mpaka koo linakauka. Nikamwambia kunywa, mwenzangu, mama atasononeka. Akanywa. Akabaki na sharubu nyeupe. "Haya, Bwana Mifugo, nikifa utanizika na kikombe." Hilo ndilo jina ananiita, tangu uchumba. La ubatizo hajawahi kulitamka mbele yangu.

Mimba ina miezi sita kasoro wiki. Mwaka jana hatukufika hapa. Ilitoka mwezi wa nane, ikiwa na miezi mitano. Mungu wangu, safari hii tuachie.

Alhamisi, 6 Juni

Klara ana homa. Jioni inapanda, asubuhi imeshuka, anaamka anasema amepona, anadai chaki zake. Jioni tena! Jasho mpaka godoro limelowa. Kiuno kinamuuma, magoti yanamuuma kama mzee. Zahanati wamempa klorokwini.

Malaria, huku juu, kwa baridi hii? Labda aliitoa Mombo tulipokwenda kwa dada yake Pasaka. Labda.

Mama kazidisha maziwa. Sasa vikombe viwili.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sikwenda. Nimesema namwangalia mgonjwa. Uongo. Nilikuwa zizini, nimekaa juu ya ndoo, namtazama Sabasaba anavyotafuna.

Homa ya kupanda na kushuka. Jasho. Viungo. Mimba. Naijua hii, ni ule ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, unamwingia mtu kwa maziwa mabichi. Nimeisoma chuo cha mifugo Mpwapwa, nimeichora kwenye daftari, nikapata alama themanini na nne.

Basi niandike, maana kichwani haikai. Mwezi wa tatu mwaka jana Sabasaba alitupa ndama wa miezi saba. Mimi ndiye niliyeingiza mkono nikatoa kondo la nyuma. Kazi inasema hivi: ng'ombe akitupa mimba, toa damu, peleka maabara Tanga, wakimkuta na ugonjwa anachinjwa. Sheria hiyo nimeitumia kwa watu. Nimeitumia kwa mzee Selemani hapo bondeni, mkulima wa kabichi, ng'ombe wake mmoja tu wa maziwa. Nikamtoa damu, jibu likaja, nikasimama na karatasi mkononi anachinjwa. Mzee hakubisha. Alisema sheria ni sheria, mwanangu.

Ilipofika zamu yangu niliandika kwenye kitabu cha kazi: "Aliteleza kwenye mtelemko." Damu sikutoa. Niliogopa jibu. Baba alikufa akaacha vitu viwili, koti la mvua na Sabasaba. Mama anamkamua akiongea naye, anampa habari za nyumba nzima. Nani angekwenda kumwambia? Mimi? Nikasema moyoni, huenda kweli aliteleza. Mwaka huu akazaa ndama mzima, nikafurahi. Unaona! Aliteleza tu.

Akizaa salama haimaanishi amepona. Hilo nalo lilikuwa kwenye mtihani.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali, Lushoto. Tumeshuka na lori la mboga, Klara mbele na dereva, mama na mimi juu ya magunia. Amelazwa.

Daktari Mbaraka ni kijana, mpole, anauliza maswali mengi. Akauliza vizuri kabisa: mnafuga? Tunafuga. Maziwa mnachemsha? Mama alikuwa amekaa pale pembeni, mikono mapajani, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Klara akamtazama mama, kisha akamjibu daktari upesi, "Tunachemsha, daktari. Mume wangu ndiye Bwana Mifugo." Akatabasamu na homa yake. Hakutaka mama mkwe aonekane mshamba mbele ya watu. Ndiyo heshima yake.

Daktari akanigeukia mimi. Mimi!

Nikatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika. Akasema basi tutibu malaria kwa sindano, na tuangalie homa ya matumbo.

Sikusema. Mama alikuwepo, wauguzi walikuwepo, kitabu cha kazi kilikuwepo kichwani. Nilisema moyoni nitamfuata daktari baadaye nimwambie tukiwa wawili. Baadaye alikuwa ameingia chumba cha upasuaji. Nikashukuru. Naandika hili ili nisije nikajidanganya: nilishukuru.

Ijumaa, 14 Juni

Siku tatu. Homa haijasikia sindano. Nimekwenda mlangoni kwa daktari mara mbili, mara zote kuna foleni ya watu, narudi. Kesho. Kesho asubuhi kabla hajaanza kazi, naapa.

Klara kaniuliza kama nimewalisha kuku wake. Kashika tumbo, kasema mtoto leo mvivu, hachezi. Labda na yeye amechoka na chakula cha hospitali, uji wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, kila siku. Nikacheka naye. Nilicheka!

Jumamosi, 15 Juni

Imetoka. Saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha daktari, wa kwanza kwenye foleni.

Wa kiume.

Jumatatu, 17 Juni

Mama alimbeba. Hakutaka azikwe na watu wa hospitali. Alimviringisha kwenye kanga yake ya akiba, akapanda mbele kwenye lori na kifurushi mapajani, akamwomba dereva apite polepole kwenye mashimo. Kama mtoto aliyelala. Wanawake wa jirani walimzika migombani, pembeni ya yule wa mwaka jana. Wanaume hatukuitwa. Nilisikia jembe tu.

Nikarudi Lushoto leo asubuhi. Nimemwambia daktari yote. Maziwa mabichi, ng'ombe, "aliteleza". Nilidhani atanifukuza. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akauliza kwa nini hamkusema Jumanne. Akasema labda yule mtoto asingepona hata angejua siku ile, dawa zenyewe ni kali kwa mjamzito. Labda. Neno langu hilo, sasa analo na yeye.

Kisha akachukua karatasi akaanza kunichorea, akidhani sijui. Mwilini mna askari, chembe nyeupe za damu, kazi yao kumeza wadudu. Bakteria huyu wanammeza kama wengine. Ila yeye hafi. Anajifungia kwenye kijifuko humohumo tumboni mwa askari, anakula humo, anazaa humo. Askari hana habari, anazunguka naye — bandama, ini, uboho wa mifupa, mpaka kwenye nyumba ya mtoto. Dawa inapita nje kwenye damu, yeye yuko ndani kafunga mlango. Homa ikishuka mtu anadhani amepona. Ndiyo maana dawa ni mbili, na ni wiki sita, na hata hapo anaweza kurudi.

Nilimwacha amalize. Mchoro wangu wa Mpwapwa ulikuwa mzuri kuliko wake.

Amemtoa Klara damu iende Tanga, na mimi kanitoa. Dawa hakusubiri jibu: sindano ya streptomaisini kila siku, vidonge vya tetrasaiklini mara nne. Klara kauliza ni za nini. Daktari akanitazama. Nikasema ni za homa.

Jumatano, 3 Julai

Klara yuko nyumbani tangu Jumamosi. Sindano anachomwa zahanati. Masikio yanamlia kama nzi, anasema. Amekonda, pete inazunguka kidoleni. Shule imefunga, anakaa dirishani na sweta langu anatazama migomba. Hatanii. Jana nilijaribu mimi kumtania, nikasema mwalimu leo hujanipa kazi ya nyumbani. Akasema mm.

Maziwa nimeyazuia. Nimemwambia mama daktari kakataza maziwa kabisa kwa mwezi. Anayamwaga kwa ndama, analalamika kwa Sabasaba.

Majibu yamefika leo. Klara anao. Mimi ninao pia! Sina homa, sina jasho, nakula makande sahani mbili, na mdudu kakaa ndani yangu ametulia kama mwenye nyumba. Tangu siku nilipoingiza mkono, bila shaka. Wakati ule nilinawa kwa sabuni ya kufulia nikajiona msafi. Vidonge nimepewa. Navimeza nyuma ya zizi.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Chama kimetimiza miaka ishirini, kijijini ngoma na hotuba tangu asubuhi, watoto wanapita na bendera za karatasi. Na huyu zizini katimiza miaka saba. Baba ndiye alimpa jina, alizaliwa siku ya sherehe kama leo, tukanywa pombe ya miwa. Mama leo kamfunga kitambaa cha kijani kwenye pembe, kama kila mwaka.

Nimemwambia Klara.

Mama alikuwa kwenye sherehe. Nilipanga maneno tangu Jumatano, yote yakapotea. Nikasema: ugonjwa wako umetoka kwa Sabasaba. Nilijua alipotupa ndama inaweza kuwa hiyo. Niliandika aliteleza. Sikumpima. Na wewe nilikuambia kunywa.

Hakulia. Alikuwa anamenya viazi, akamaliza kile alichoshika, vijicho vya kiazi vyote akavitoa. Akakiweka kwenye maji. Kisha akauliza swali moja.

"Na wa kwanza?"

Sikuwa nimemfikiria wa kwanza! Naapa kwa Mungu, kwa wiki zote hizi nililia wa pili tu. Sabasaba alitupa mwezi wa tatu, maziwa yaliendelea kutoka, kidogo kidogo, na yote mama alimpa Klara, maana alikuwa na mimba. Mwezi wa nane ikatoka. Wakasema ni kazi ya kusimama darasani. Mimi mwenyewe nilimwambia, punguza kusimama.

Nikasema sijui. Akasema, "Unajua." Akaingia ndani na ndoo ya viazi.

Jumatano, 10 Julai

Klara ananijibu nikimuuliza. Ndiyo. Hapana. Chumvi iko pale. Ananiita "wewe". Analala na uso ukutani. Nampeleka zahanati, anatembea mbele yangu.

Homa imerudi tangu jana jioni. Wiki ya nne ya dawa! Mganga wa zahanati anasema tusiache hata kidonge kimoja.

Leo nimekwenda bondeni kwa mzee Selemani. Alipokuja kutupa pole wiki ile alileta kabichi tatu, kubwa, nikazipokea kwa mikono hii. Nimemkuta anapalilia. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, mgonjwa anaendeleaje? Nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye matuta yake. Alisikiliza mpaka mwisho akiegemea jembe.

Akasema, "Kumbe ng'ombe wa kwenu ana miguu ya kuteleza. Wangu hakuwa nayo."

Nikasema nisamehe, mzee. Akasema ng'ombe amekwenda, hilo Mungu amekwisha kusamehe. Mimi niliuamini mkono wako, Sefania, siku ile mke wangu alilia nikamkemea, nikamwambia huyu kijana ana elimu na ana haki. Sasa yeye nitamwambia nini?

Akarudi kupalilia. Sikupewa kabichi, na ningepewa ningekufa palepale.

Usiku huu nimeandika barua kwa bwana mifugo wa wilaya. Nimeandika yote. Damu ya Sabasaba nimeitoa mwenyewe, kesho inakwenda na barua. Jibu lake ninalijua.

Ijumaa, 12 Julai

Mama amejua. Sikumwambia mimi. Nilijipanga kumwambia leo baada ya chai, nikamkuta jikoni na Klara, milango imefungwa, wanaongea Kimbugu, Klara na kile Kimbugu chake cha kuokoteza. Niliposukuma mlango wakanyamaza. Mama macho mekundu. Klara kamshika mkono.

Klara aliniambia nje, bila kunitazama: nimemwambia ni ugonjwa wa ng'ombe, hakuna aliyejua. Hakuna aliyejua. Basi usimwongezee.

Yaani kanificha! Kwa mama, tena. Mwanamke ana homa mwilini mwake, ana makaburi mawili migombani, na bado ananibebea uongo wangu. Nilitaka kupiga magoti. Alikuwa ameshaondoka.

Mama hakula. Jioni kaniuliza jambo moja, kwa sauti ya mtoto. Sefania, moto ungetosha? Ningeyaweka tu motoni, basi, ingetosha? Nikasema ndiyo, mama. Kuchemka tu. Akasema na mimi nilikuwa nampa kwa mapenzi. Nikasema najua, mama. Akasema na wewe mbona hukuniambia, wewe mwenye kusoma? Wageni unawaambia, wa Mponde unawaendea na pikipiki, mimi mama yako umeniogopa nini?

Kumbe angenisikiliza. Miaka yote hii nilikuwa nimemwamulia.

Jumatatu, 15 Julai

Gari la idara linakuja leo kumchukua Sabasaba. Jibu lilikuwa lile, idara waliipeleka damu Tanga kwa gari lao siku ileile. Ndama naye. Kuhusu mimi nimeitwa Lushoto Alhamisi, nijieleze.

Asubuhi nimesikia kuni zinapasuliwa kabla sijaamka. Nimetoka, ukungu uleule. Mama kamkamua Sabasaba. Nilidhani anamuaga tu, nikamwacha. Akaingia jikoni, akatwaa sufuria ya Klara, akamimina maziwa, akayaweka motoni. Mama! Miaka sitini na kitu, mara ya kwanza. Alisimama juu yake na mwiko, machozi yanamtoka, anamwomba radhi ng'ombe kwa jina kupitia ukutani. Nikasema mama, acha, sisi tutanunua maziwa kwingine. Hakunisikia. Yakapanda, yakamwagika, jivu likachafuka. Akayarudisha, yakapanda tena. Mara tatu.

Akayatia kwenye kikombe kilekile cha bati. Akayapeleka chumbani kwa mikono miwili, amekiviringisha kitambaa kisimuunguze. Akapiga magoti kando ya kitanda. Mama mkwe, kwa mkwewe! Akasema, mwanangu, haya yameona moto.

Klara akainuka, akakipokea. Mvuke ukamfunika uso. Daktari alisema yakichemka hayana neno. Nimesoma, najua hayana neno. Mdudu huyu hawezi moto hata dakika moja.

Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, mlangoni.

"Ninywe, Sefania?"

Jina langu. Miaka mitano ya ndoa, mara ya kwanza.

Nilifungua mdomo. Neno ni moja tu, na safari hii ni la kweli, na sikuweza. Nimesema nasikia gari. Hapakuwa na gari.

Naandika haya zizini, juu ya ndoo, Sabasaba ananipulizia pumzi shingoni. Kitambaa cha kijani bado kiko kwenye pembe lake. Kupitia ukuta namsikia mama anamwambia Klara yatapoa. Klara anasema, ngoja kwanza mama, namsubiri aseme.